Kipindi cha kichocho saa mbili usiku, nani anasikiliza?

Mama Dagaa, Ukerewe: Wakuu, naomba ushauri. Redio yetu ya jamii inarusha kipindi cha kichocho saa mbili usiku. Saa hiyo mume wangu yuko ziwani na taa zake, mimi nalaza watoto.

Kokoro: Wahamishie asubuhi, dagaa wakianikwa. Mwaloni kwetu redio inaning'inia kwenye kichanja, wote tunasikia. Au wangoje siku za mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, wavuvi wako nyumbani.

Mhudumu wa afya: Na waseme Kikerewe pia. Bibi mmoja aliniuliza kama konokono anauma! Nikamwambia hapana mama, vijidudu hutoka kwa konokono, vinapenya ngozi ukiwa majini.

Mama Dagaa: Sawa. Mbalamwezi ikianza nampeleka mume wangu studio. Anajua kuongea huyo, hasa akisifiwa.