Taa za mchana kwenye gari: nizizime au niziache?

Mleta mada: Wakuu, salamu kutoka Tanga. Nina Golf iliyotokea Uingereza. Ukiwasha injini tu, taa nyeupe za mbele zinawaka zenyewe, na swichi ya kuzizima siioni. Nikikatiza Ngamiani, bodaboda, wauza mihogo, hadi watoto wa shule wananifumbia na kunifumbulia vidole: taa, taa! Nikienda Muheza, anayekuja anadhani namtonya kuwa nilikotoka kuna trafiki, anakanyaga breki bure. Fundi mmoja kaniambia anachomoa fyuzi, dakika tano, elfu kumi. Mimi naelekea huko.

Dereva wa lori la mkonge: Usichomoe. Asubuhi ukitokea Segera kuja Tanga jua liko usoni, gari inayokuja unaiona kama kivuli. Hizo taa ndizo zinakwambia kuna chuma kinakuja. Sweden wamelazimisha tangu 1977, Kanada kwa magari mapya tangu mwisho wa 1989, Umoja wa Ulaya kwa aina mpya za magari tangu 2011. Yako haikuwekewa urembo.

Mkazi wa Raskazone: Sweden! Kule kipupwe jua linachungulia kidogo linarudi kulala. Hapa saa sita mchana unamhesabu kunguru manyoya. Marekani wana magari kuliko sisi na hawajazilazimisha mpaka leo.

Bodaboda: Mimi nina taa moja, ndiyo inayoniokoa. Kila gari ikiwaka mchana nani ataniona? Wenye pikipiki Ulaya walilalamika hivyohivyo. Na baiskeli je, ambazo mji huu zimejaa na hazina taa kabisa?

Mgeni: Si zinamaliza betri?

Fundi umeme wa magari: Hapana, ukizima injini nazo zinazimika. Mleta mada, huyo wa elfu kumi mwambie asubiri. Kuna magari fyuzi hiyo imebeba na vitu vingine, unachomoa moja unapoteza mbili. Golf za karibuni zinazimwa kwa kompyuta, si kwa koleo. Ila mnabishana jua na kunguru mnasahau kitu kimoja: taa hizi kwa magari mengi haziwashi za nyuma. Magharibi dashibodi inang'aa, mbele kuna mwanga, dereva anajiona kawasha taa, kumbe nyuma giza. Nimeletewa gari ya namna hiyo, buti limeingia hadi kiti cha nyuma.

Dereva wa lori la mkonge: Hilo kweli. Nawakuta sana kipande cha Hale.

Mleta mada: Nimetoka uani sasa hivi nikazunguka nyuma ya gari. Giza tupu. Na jana magharibi nimerudi toka Muheza hivyohivyo, wala sikugusa swichi. Fyuzi naiacha kwanza. Fundi, hiyo ya kompyuta bei gani?

Fundi umeme wa magari: Elfu kumi haifiki, mkuu. Kugeuza swichi ya taa jua likizama ni bure.