Mjadala: Tangawizi kwa kichefuchefu cha wajawazito, kliniki waiseme wazi au wakae kimya?

Wifi Mtu (Moshi):
Wadau, wifi yangu ana mimba ya wiki tisa, tunakaa naye hapa Pasua. Mafuta yakianza kunukia tu jikoni, huyo nje. Mama kamchemshia tangawizi ya Same, ile midogo mikali, kaitwanga kinuni na maganda yake. Wifi anakunywa funda moja moja tangu alfajiri, ndimu iliyokatwa iko kiganjani anainusa. Kapata nafuu, juzi kala hadi mtori.

Kufika kliniki akataja tangawizi, nesi akamkata: "Achana na mitishamba." Basi, hakuulizwa anakunywa kiasi gani wala anaipikaje.

Mimi nasema waiseme wazi. Tangawizi imepimwa kwa wajawazito mara nyingi, wengine wakipewa vidonge visivyo na dawa ndani ili kulinganisha. Kiasi kilichotumika sana ni kama gramu 1 ya unga kwa siku, yaani takriban nusu kijiko cha chai, ikigawanywa mara tatu au nne. Kichefuchefu kinapungua. Kwenye kutapika kwenyewe matokeo yanagongana, hilo nakubali. Miongozo ya madaktari wa Uingereza na Marekani inaitaja, sisi tunaoilima milimani Same ndio tunaionea haya!

Kijana wa Ngarenaro (Arusha):
Dada, heshima yako. Tangawizi sina ugomvi nayo. Ila mlango huo ukiufungua, watapita wangapi? Huku kuna jamaa na kipaza sauti, chupa moja ya maji ya kahawia inatibu kichefuchefu, sukari, nguvu za kiume na mkosi. Ukimbana anakwambia, "Hata wazungu wamethibitisha." Wamethibitisha nini? Tangawizi! Yeye humo kaweka mizizi ishirini.

Tumesahau 2011? Watu walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa ya mitishamba shilingi 500, wengine wakaacha dawa zao nyumbani. Kila mtu alikuwa na shuhuda wake.

Babu Kahawa:
Na thalidomaidi je? Hiyo haikuwa mitishamba. Ilitoka kiwandani Ujerumani 1957, wajawazito wakapewa kwa kichefuchefu hiki hiki, hadi inaondolewa sokoni 1961 maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na viungo pungufu. Msitutishe na mizizi peke yake.

Nesi wa Zamu:
Shikamoo Babu. Kweli kabisa, na ndiyo maana siku hizi dawa ya mjamzito inaulizwa maswali mengi. Nauliza hayo hayo kwa mizizi.

Mimi si yule nesi wa wifi yako, dada, lakini namwelewa, ingawa kujibu vile kakosea. Mama akiniambia "nakunywa tangawizi" huwa namuuliza: na nini kingine? Hapo ndipo maneno yanaanza kutoka. Kuna majani ya bibi, kuna magome, na udongo ndio usiseme. Tangawizi tupu kwa kiasi cha chai sina shida nayo, labda kiungulia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme kwanza.

Ninachoogopa ni mtu kukaa na chupa ya chai wiki nzima huku hata maji hayakai tumboni. Mkojo ukiwa mweusi na kidogo, kizunguzungu akisimama, uzito unashuka, aje, huyo anahitaji dripu. Kukiwa na homa apime malaria siku hiyo hiyo, maana nayo inatapisha, na kwa mjamzito haina mchezo.

Kijana wa Ngarenaro (Arusha):
Sasa nesi, hayo uliyoandika si ndiyo wangebandika pale ukutani kliniki? Hapo hata mimi naunga mkono.

Wifi Mtu (Moshi):
Nesi, swali lako limeniinua kitini. Nimeenda jikoni nikachuja ile sufuria. Tangawizi ipo, mchaichai upo, na chini kabisa vipande vitatu vya gome jekundu. Nimemuuliza mama. Kasema kapewa na jirani, "linaongeza nguvu". Jina la mti hajui, na jirani kasafiri kwenda Rombo.

Nimemwaga yote. Mama kanuna. Natwanga tangawizi nyingine hapa.