Mama anayetuoshea maiti wetu wa kike: tumheshimu vipi angali hai?

Mjukuu wa Langoni (Lamu) anauliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina jambo linanikera moyoni, naomba mnijibu kwa uzito wake.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja. Jina lake silitaji kwa kuwa hajanipa ruhusa. Akifa mwanamke Langoni, hata iwe usiku wa manane, mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Hutoka na kikapu chake cha ukili, na ndani yake mna sabuni, majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa, karafuu maiti, pamba, mkasi, uturi na vitambaa vya kufunga mkononi. Vitu hivyo huvinunua mwenyewe. Akiitwa Shela au Matondoni, nauli ya boti pia mara nyingi hujilipia.

Ndiye aliyemwosha bibi yangu, na mimi nilikuwa namimina maji. Kwanza aliwatoa nje waliokuwa wakilia kwa sauti, akafunga mlango. Akamfunika marehemu shuka kuanzia kifuani hadi magotini, na shuka ile haikuondolewa mpaka kazi imekwisha. Mkono wake uliofungwa kitambaa ulipita chini ya shuka. Akaanza upande wa kulia. Kila alipotaka kumgeuza alimwambia kwanza, taratibu, "Twageuka sasa, dada." Nywele alizigawa mafungu matatu akazisuka. Maji ya mwisho ndiyo yaliyotiwa karafuu maiti. Kisha ikaja sanda, vipande vitano kama ilivyo kwa mwanamke: shuka ya kiunoni, kanzu, ukaya wa kichwa, na shuka mbili za kuzungushia mwili mzima. Alipomaliza aliniruhusu nimbusu bibi yangu kipajini.

Jeneza lilipotoka wanaume walipokezana kulibeba hadi makaburini. Usiku, baada ya hitima, msemaji aliwashukuru waliochimba kaburi, waliobeba, waliotoa mikeka na maturubai. Wakati huo mama yule alikuwa uani kwetu anafua zile shuka. Hakuna aliyemtaja. Nililia kwa mara ya pili siku ile.

Sasa vijana wa mtaa tunaandaa hafla ndogo ya Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba. Orodha ya watakaotunukiwa imeletwa: nahodha wa mashua iliyoshinda mashindano, kocha wa timu, tajiri aliyetoa mabati ya chuo, na wazee wawili. Wote wanastahili, sina neno nao. Lakini nilipomtaja mama huyu kikao kilinyamaza. Mzee mmoja akasema mambo ya maiti hayatangazwi. Mwingine akasema tukimpa cheti tutamharibia thawabu zake.

Nikamwendea mwenyewe. Akanijibu kwa upole, "Mimi sitaki kuketishwa yuu ya viti, mwanangu." Akakunja mkeka wake, akasema tena, "Na mimi taoshwa ni nani?"

Hilo la pili limenikosesha usingizi. Mtu kama huyu mtaa umfanyie nini?

Wa Maweni (Malindi):

Waalaykumu salaam, dada. Mimi naona mpandisheni jukwaani, na mumtaje kwa jina lake na la baba yake.

Nakwambia hivi kwa sababu naishi na mfano wake. Hapa Malindi tuna sanamu ya Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 mama huyo mjane alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu, ambayo ni ngoma ya matanga, na watu wakamfuata. Akawaambia wasilipe kodi na wasiwatoe vijana wao wakafanyishwe kazi na Waingereza. Wakamkamata, wakampeleka uhamishoni Kisii, ng'ambo ya pili ya nchi. Akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Sanamu yake ilizinduliwa tarehe 20 Oktoba 2010, Siku ya Mashujaa ya kwanza kuadhimishwa kwa jina hilo. Hesabu mwenyewe, ni karibu miaka 100. Wajukuu wa wajukuu ndio waliopiga makofi, yeye hakuyasikia.

Na hawa wanaosema shujaa ni wa bunduki au wa kombe wajue kwamba Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya mwaka 2014 haikuwekwa kwa ajili ya wapigania uhuru peke yao. Kama taifa linapanua mlango, mtaa wa Langoni usiufunge. Watoto wa kike wanaokaa mbele pale wanatakiwa waone kwamba kazi ya mama yao mkubwa ni kazi.

Ustadh wa Faza:

Nizungumzie hilo la thawabu, maana naona linatumiwa vibaya.

Riya ni ugonjwa wa moyo wa mtendaji, pale anapotenda ili aonekane. Shukrani ni wajibu wa aliyetendewa. Hayo ni mambo mawili. Mtume (s.a.w.) amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Sasa sisi tuache wajibu wetu kwa kisingizio cha kulinda nia ya mtu mwingine?

Tena kuna kisa wanachokijua wengi wenu. Palikuwa na mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Akafa, masahaba wakamzika usiku bila kumwambia Mtume, wakaona jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa akamuulizia. Walipomweleza aliwalaumu kwa kutompa habari, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia palepale. Yule alikuwa mfagizi, na Mtume alimkosa. Mimi nikisoma kisa hiki huwa najiuliza ni wangapi tungewakosa sisi.

Na elimu hii ya kuosha maiti wa kike, asili yake imepokewa kwa mwanamke. Ummu Atiyya ndiye aliyesimulia walivyomwosha binti wa Mtume: mara tatu, au tano, au zaidi ikihitajika, kwa maji na mkunazi, mwisho kafuri, ambayo sisi twaiita karafuu maiti, na nywele misuko mitatu. Wanazuoni wanaume walijifunza kwake. Jina lake halikufichwa, na hakuna aliyesema limemharibia thawabu.

Ila mama akisema hataki jukwaa, msimlazimishe.

Mama wa Shela:

Mwanangu wa Langoni, mimi ni muosha pia. Nimesoma kilio chako nikafuta machozi. Ndugu wa Malindi anasema kwa mapenzi, lakini naomba anisikilize.

Kazi yetu imejengwa juu ya kunyamaza. Tunaona kovu ambalo mume hakulijua. Tunaona alama za mapigo. Tunaona uzee wa mtu ulivyokuwa umetupwa, vidonda vya kulala upande mmoja bila kugeuzwa, na watoto wake wako nje wanapokea mikono ya watu. Yote hayo tunayafunika, tukitoka tunasema "alikuwa mzuri". Mtu aliyeishi hivyo ukimweka mbele ya kipaza sauti anaona kama anavuliwa nguo. Si unyenyekevu tu, ni adabu ya kazi.

Sasa nitakwambia yanayotuuma, na hayo ndiyo ya kushughulikia.

La kwanza ni mkosi. Kuna nyumba hapahapa Lamu ambazo siku ya msiba wanakimbilia kwangu, lakini siku ya harusi sipati kadi. Nikienda bila kualikwa, kuna mama atamvuta bi harusi nisimguse. Mikono iliyomsitiri mama yake ndiyo wanayoiogopa. Nimepata kusikia mtu anakataa chai kwa sababu nimeimimina mimi. Zamani katika majumba yetu ya mawe chumba cha ndani kabisa ndicho watu walichozaliwa na ndicho walichooshewa; wazee wetu hawakuona ajabu kuzaliwa na kufa vikakaa chumba kimoja. Hii hofu ya sasa imetoka wapi? Mkitaka kumheshimu mama yenu, harusi ya kwanza itakayofuata mtaani kwenu nendeni mkamchukue nyumbani kwake, mkamweke mbele siku ya kupamba, na bi harusi amwamkie kwa kumshika mkono mbele ya watu. Hilo nakuhakikishia atalikumbuka kuliko cheti.

La pili ni mgongo. Sisi tunainama. Kitanda cha kuoshea kinachotumika mitaa mingi ni kifupi, na maiti mzito akiloa anahitaji watu wanne, nasi mara nyingi tuko wawili, mmoja analia. Tafuteni fundi atengeneze kitanda kirefu cha kufika kiunoni, chenye mteremko na bomba la kupeleka maji kwenye ufuo, yaani shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti. Kiwekwe msikitini, kiwe mali ya mtaa.

La tatu ndilo swali alilokuuliza. Yeye ataoshwa na nani? Wasichana wa siku hizi wamesoma, wanajua sharti zote za kuosha kwa kitabu, lakini akiitwa mmoja aje ashike kata ya maji anasema anaogopa. Sikulaumu wewe, wewe ulimimina. Basi mwanangu, umeshaanza. Rudi kwake ukamwambie, "Nifundishe." Uende siku ambayo hakuna aliyekufa, na umpelekee hata mahamri.

Mhudumu wa afya ya jamii (Mpeketoni):

Nakubaliana na mama wa Shela, ila naongeza la afya maana sijaona aliyeligusa.

Muosha anashika damu na majimaji ya mwili. Kitambaa mkononi hakitoshi. Mnunulieni glavu, aproni ya plastiki na viatu vya mpira, na dawa ya klorini ya kusafishia kitanda. Mpelekeni akachanjwe homa ya ini aina ya B. Ni sindano tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita tangu ya kwanza. Mwaka 2020 wakati wa korona, kila mtu alipokuwa anaogopa, wako waliotaka kuingia kuosha na hawakuwa na cha kujikinga. Tusirudie.

Na habari ya pesa msiione haya. Sisi wahudumu tulizunguka nyumba kwa nyumba miaka mingi kwa kujitolea, tukiambiwa "Mungu atawalipa". Mwaka 2023 ndipo serikali ikatoa mikoba kwa wahudumu 100,000 nchi nzima, yenye kipimo cha presha na cha sukari, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Si nyingi. Lakini mtu akijua kuna nauli na sabuni, mlango anaufungua kwa moyo mkunjufu. Na sijaona mwenzangu hata mmoja ambaye huruma yake ilipungua kwa kupokea posho. Mama yenu hatataka mshahara, sawa. Gharama basi zisimtoke yeye.

Mjukuu wa Langoni (Lamu) anajibu:

Ndugu zangu, Mungu awalipe. Nimewasomea kikaoni mlivyoandika, hasa kile kisa cha mfagizi, na yule mzee aliyesema mambo ya maiti hayatangazwi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa mchango wa kitanda.

Nilimwendea mama na mahamri, kama nilivyoelekezwa. Sikutaja hafla. Nilimwambia nataka kufundishwa. Alinitazama kwa muda, akauliza, "Waogopa?" Nikamwambia naogopa. Akasema na yeye aliogopa, alimfuata mama yake na kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kupasha maji tu jikoni. Tumekubaliana kila Jumapili baada ya alasiri, uani kwake, mimi na wenzangu wanne, akiwemo dada mmoja muuguzi. Tutaanza na kukata sanda, kwa sababu anasema asiyejua kukata sanda atamwaibisha maiti.

Kuhusu jukwaa, ndugu wa Maweni, tumepata njia ya kati na mwenyewe ameiridhia. Jina lake litasomwa, pamoja na majina ya waosha wa kike waliomtangulia Langoni, wale ambao yeye anawakumbuka. Amenitajia, nimeandika. Wengi ni marehemu na hawajawahi kusomwa popote. Yeye hatapanda, atakaa na wanawake wenzake, na imamu atawaombea dua wote. Na harusi ipo mwezi ujao mtaani, ya binti wa ndugu yangu. Kadi yake nimempelekea kwa mkono.

Baraza limekubali kuweka mfuko wa mtaa wa sanda na vifaa, usimamiwe na wanawake. Kitanda fundi ameanza kupima. Glavu tumepata. Chanjo tunaifuatilia.

Kilichobaki ni bafta, kitambaa cha kukatia sanda. Hapa Lamu tunanunua kwa yadi na bei inapanda kwa sababu ya usafiri. Wa Maweni, ukipata nafasi niulizie huko Malindi madukani, jora zima la bafta nyeupe, pana, wanauza kwa kiasi gani, na kama kuna basi linaloweza kutuletea mpaka Mokowe. Huku ng'ambo kuivusha tutajua wenyewe.