Eti "Unanunua gari au unanunua karatasi?"

Wanajukwaa, naandika uzi huu mikono ikiwa bado inatetemeka kwa hasira. Yule muuza magari mnayemjua nyote, mwenye yadi yenye bendera nyingi kuliko ubalozi, leo mchana amenidhalilisha mbele ya wateja wake kwa swali moja: "Kijana, unanunua gari au unanunua karatasi?"

Chanzo ni Toyota IST ambayo dashibodi yake inasoma kilomita 61,000. Niliomba karatasi ya mnada, yaani ile ambayo mkaguzi wa mnada wa Japani huandika hali ya gari na kulipa daraja, akasema imepotea baharini, kana kwamba meli nzima ilifika salama na karatasi hiyo peke yake ndiyo iliyozama. Nikaomba cheti cha kusafirishia gari nje ya Japani, na baada ya kuzungushwa kwa muda mrefu kuliko safari ya meli yenyewe, nikaletewa nakala iliyofifia. Kwa asiyefahamu, Wajapani hulikagua gari dogo jipya baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita zinazosomwa wakati wa ukaguzi huandikwa kwenye hati zake. Cheti hicho kilionyesha kwamba katika ukaguzi wa mwisho gari lilikuwa limekwisha kutembea kilomita 131,200. Maana yake ni kwamba tangu siku ile limeendeshwa kinyumenyume hadi Dar es Salaam.

Nilipomwonyesha namba hiyo, hakukana wala hakuona haya. Alicheka hadi kitambi kikagonga boneti, akawageukia wateja, ndipo akalitoa: "Kijana, unanunua gari au unanunua karatasi?" Nao wakacheka! Mama mmoja aliyekuja kutazama Noah alicheka hadi akatafuta mahali pa kukaa.

Nikafungua mlango wa dereva, kwa sababu mafundi wa Japani hupenda kubandika hapo kibandiko chenye tarehe na kilomita za kubadilisha oili, nikakuta alama ya gundi tu. Ushahidi alionipa yeye ni stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Stika! Kisha akarudia, safari hii taratibu, kama anayemfundisha mtoto wa chekechea: "Unanunua gari, au unanunua ka-ra-ta-si?"

Mzee wa Spana: Pole sana, kijana, lakini nami nimecheka. Ulikwenda kununua IST au ulikwenda kuhakiki vyeti kama ofisa wa Baraza la Mitihani, NECTA? Ungeanza kwa kutazama pedali ya breki na usukani, kwa sababu gari la kilomita 61,000 halina pedali iliyolika hadi chuma kikaonekana.

Binti Makorora: Afadhali yako, wewe ulionyeshwa cheti cha kweli. Mimi nililetewa picha ya karatasi ya mnada yenye daraja la 4, safi kabisa, isipokuwa namba ya chasisi ilikuwa imefunikwa na kidole cha mpiga picha. Nilipoitafuta karatasi halisi kwa namba iliyo kwenye gari, likatokea daraja la R, ambalo hupewa gari lililogongwa na kutengenezwa, na kwenye mchoro boneti na mlango wa kushoto vimeandikwa XX, yaani vimekwisha kubadilishwa. Muuzaji, ambaye naye mnamjua, aliniapia kwamba R ni kifupi cha "rahisi".

Mlalamikaji: Wadau, tusitoke kwenye mada. Je, mmesoma pale aliposema "unanunua karatasi"? Alisema mbele za watu!

Mwana wa Mvita: Tumesoma, ndugu, umeandika mara tatu. Huku kwetu Kenya, ng'ambo ya Lungalunga, gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia, na ni lazima likaguliwe kabla ya kupakiwa melini, lakini hayo hayakumzuia dalali wangu kunipa cheti cha ukaguzi cha gari jingine kabisa. Nilipomuuliza, alijibu kwamba yote mawili ni meupe.

Mbeba Boksi, Birmingham: Nyinyi mnalilia karatasi, lakini huku Uingereza mtu huandika namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, akaona bure matokeo ya ukaguzi wa lazima wa magari, uitwao MOT, tangu 2005, pamoja na maili na maonyo ya mkaguzi, na bado muuzaji ana la kusema. Nililoliona juzi limepewa onyo la kutu kwenye chasisi kila mwaka, mfululizo. Mwenyewe akaniambia kwamba kutu hiyo imekwisha kustaafu.

Mzee wa Spana: Hiyo inatokana na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Magari ya kaskazini mwa Japani nayo huja hivyo hivyo, na kwenye karatasi ya mnada utaona S, au C ikiwa imekwisha kula bati.

Mlalamikaji: Uzi huu ni wangu jamani.

Binti Makorora: Mzee, na W2 iliyo ubavuni mwa gari langu ina maana gani?

Mzee wa Spana: Ni paneli iliyonyooshwa na kupulizwa rangi, ikabaki na mawimbi yanayoonekana. Lioshe kwanza, ulipige picha ya ubavu likiwa juani, uniletee nione kama waliweka puti nyingi.