Mjadala: Kuitoa TV sebuleni, ni akili au ni kujitesa?

Mkwezi: Wadau, salaam. Kifurushi cha king'amuzi kiliisha nikagoma kulipia, mwisho TV yenyewe nikamuuzia jirani. Siku hizi jioni nakagua madaftari ya watoto, tunakula mezani, saa nne watu wamelala. Zamani tukikaa kwa taarifa ya habari ya saa mbili, tunanyanyuka baada ya tamthilia ya tatu. Nasema kila nyumba ingeitoa. Na tusisahau Mwalimu aling'atuka bara haina televisheni, na kizazi kile ndicho kilichosoma kweli. Karibuni mnibishie.

Mama Pili: Simu unayo? Maana haya umeyaandika saa sita na robo usiku.

Jino la Mamba: Hongera kaka. Mimi bila Simba na Yanga ningeshauza zamani.

Bint Mkunazini: "Ndicho kilichosoma kweli." Unguja tuna televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Skuli tulikwenda, chuoni tulikwenda. Ndo kusema sisi hatukusoma?

Mkwezi: Dada, Zanzibar sikuitaja. Nimesema bara.

Bint Mkunazini: Ukisema asiyekuwa nayo ndiye aliyesoma, aliyekuwa nayo umemwitaje?

Fundi Antena: Mwalimu mwacheni apumzike. Hakuikataa kwa ajili ya madaftari ya mtu, aliona ni anasa kwa nchi maskini. ITV ikaja 1990 huko.

Shangazi Kidawa: 1994, Fundi. Mwaka wa Kombe la Dunia la Marekani. Usituzeeshe.

Fundi Antena: Haya, 1994. Lakini Dar watu walikuwa nazo kabla. Mzee wangu alifunga antena kwenye bomba la maji, sisi watoto tunalizungusha nje, yeye ndani anafoka: "Hapo! Hapo! Mmepitiliza!" Picha ya TVZ inakuja na chenga zake, ukiachia bomba tu, imekimbia.

Bint Mkunazini: Ahsante! Kumbe mlikuwa mkidoea mawimbi yetu, leo mnatwambia mlikuwa mkisoma.

Jino la Mamba: Hahaha, wabara tumepatikana.

Mkwezi: Jamani, mada ni muda.

Mama Pili: Na swali langu la simu?

Mzee wa Barza: Muda wa nini? Kwetu TV ilikuwa moja mtaa mzima. Watu wanakuja na mikeka, wanabishana, wanataniana, harusi mbili nazijua zilianzia pale. Siku kila mtu alipoweka yake chumbani ndipo ulipoanza huo muda mnaoulilia.

Fundi Antena: Mzee umenena. Halafu Mkwezi, hilo lako lilishajaribiwa. Desemba 31, 2012 Dar walipozima analojia, asiye na king'amuzi aliamka na chenga tupu. Mtaani kwetu sikuona aliyeshika kitabu. Wanaume walihamia baa.

Mkwezi: Huo ni mtaa wenu na tabia zenu.

Fundi Antena: Tabia zetu? Umeuza TV moja umeshakuwa nabii? Na huyo jirani uliyemuuzia, muda wake hauna thamani?

Mkwezi: Yule ni mtu mzima, alikuja na hela yake mwenyewe.

Shangazi Kidawa: Hahaha! Sumu umeitoa kwako ukampelekea jirani, na hela ukapokea.

Mkwezi: Shangazi, nawe?

Bint Mkunazini: Mimi nasubiri kuombwa radhi.

Jino la Mamba: Radhi ya nini, dada? Hiyo TVZ yenyewe enzi hizo ilikuwa jioni tu, mchana mzima kioo cheusi.

Bint Mkunazini: Jioni, ndiyo. Na jioni hiyohiyo nyie mko nje mmekumbatia bomba.