Juan Soto alinyimwa haki yake katika kikosi cha nyota cha 2025

Ndugu wanajamvi, nimesubiri makusudi hadi msimu wa besiboli umalizike ndipo nifungue uzi huu, kwa sababu mwezi Julai kila aliyelalamika aliambiwa kwamba ushabiki wa New York Mets, timu ya Juan Soto, umempofusha, kwa hiyo atulie. Sasa hesabu zimefungwa na hakuna wa kuzibadilisha. Ninasema waziwazi kwamba kuachwa kwa Soto, mlinzi wa nje na mpigaji hodari, nje ya kikosi cha nyota (wachezaji bora walioteuliwa) cha Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, kilichocheza Atlanta tarehe 15 Julai 2025, kulikuwa dhuluma, na bado nina hasira nayo.

Walinzi wa nje, yaani wanaolinda sehemu ya nyuma ya uwanja, walioitwa walikuwa saba: Ronald Acuña Jr., Kyle Tucker na Pete Crow-Armstrong walioanza kwa kura za mashabiki, kisha Corbin Carroll, Fernando Tatis Jr., James Wood na Kyle Stowers. Sina ugomvi na yeyote kati yao, hasa Stowers, ambaye wengi walimrushia mawe kwa sababu tu ndiye aliyeiwakilisha Miami Marlins, na kanuni inataka kila timu iwe na angalau mchezaji mmoja. Kijana alikuwa akipiga mpira vizuri. Lakini Acuña alianza kucheza mwishoni mwa Mei, baada ya kuuguza goti kwa karibu mwaka mzima, ilhali Soto alikuwa uwanjani tangu siku ya kwanza, na kufikia mapumziko ya Julai alikuwa amevusha mipira 23 nje ya uzio na alikuwa akifika besi (vituo ambavyo mpigaji hukimbilia) karibu mara 4 katika kila zamu 10 za kupiga. Mtu wa namna hiyo anaachwaje?

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia hadi nimechoka: wastani wake wa kupiga (kiwango cha kufika besi kwa kuupiga mpira) ulikuwa chini, Aprili na Mei alisuasua, tena si mlinzi hodari. Kuhusu ulinzi sibishi. Kuhusu Aprili na Mei pia sibishi, ila naomba tukumbuke kwamba msimu una mwezi wa Juni vilevile, na katika mwezi huo Soto alivusha mipira 11 na akatangazwa mchezaji bora wa mwezi wa ligi nzima. Kura za mashabiki zilifunguliwa mwanzoni mwa mwezi huohuo, watu wakiwa bado na picha ya Mei vichwani. Yaani mtu alihukumiwa kwa kesi ya zamani wakati ushahidi mpya ukiwekwa mezani kila jioni.

Kuhusu wastani wa kupiga, hapo ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu kipimo hicho hakihesabu hata kidogo kile ambacho Soto anakifanya kuliko karibu kila mtu duniani. Mwezi huo wa Juni nilikuwa Citi Field, uwanja wa Mets, upande wa besi ya tatu, mahali ambapo mpigaji wa mkono wa kushoto kama yeye unamwona uso kwa uso. Mrushaji alikuwa amemfikisha ukingoni, mipira mitatu mibaya na miwili mizuri: mbaya wa nne ungempa mpigaji besi ya bure, mzuri wa tatu ungemtoa. Mpira uliofuata ulipita nje ya eneo halali kwa upana wa vidole viwili hivi, kwa kasi ambayo mimi niliuona tu ulipokwisha kutua kwenye glavu ya mdakaji. Soto hakutikisa hata bega. Alichuchumaa kidogo, akaburuta miguu vumbini kama ilivyo desturi yake, huku amemkazia macho mrushaji, kisha akaweka gongo chini na kwenda besi ya kwanza bila haraka. Katika wastani wa kupiga, zamu ile ni kama haikuwapo. Katika mchezo wenyewe, mrushaji alikuwa ameshatumia mipira saba, timu ilikuwa na mtu kwenye besi, na mwenzake Pete Alonso alikuwa akija kupiga.

Sababu ya kweli, kwa maoni yangu, ni pesa. Tangu Desemba 2024 alipowaacha New York Yankees, mahasimu wa jiji hilohilo, na kusaini na Mets mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765, watu wamemgeuza kuwa alama ya tamaa. Aliporudi Yankee Stadium mwezi Mei alizomewa, na mashabiki wa upande wa kulia wakamgeuzia mgongo kwa pamoja. Mashabiki wa Yankees wana haki ya kuumia. Ila kikosi cha nyota si mahali pa kulipia machungu ya mkataba. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mwenye mamilioni naye ana haki yake.

Wala tusiambiwe kwamba uongozi ulikuwa umefungwa mikono. Mwaka 1957 mashabiki wa Cincinnati walijaza kura hadi wachezaji saba wa timu yao wakachaguliwa kuanza, na Kamishna Ford Frick, mkuu wa mchezo huo, akawaondoa wawili wao, Gus Bell na Wally Post, akawaweka Willie Mays na Hank Aaron. Mwaka 2025 wenyewe, Kamishna alimwongeza mrushaji mkongwe Clayton Kershaw kwa heshima ya maisha yake yote ya mchezo, na Kershaw alistahili, kwa kuwa siku chache kabla alikuwa amefikisha wapigaji 3,000 aliowatoa kwa mipira mitatu mizuri. Nafasi hupatikana pale inapotakiwa kupatikana.

Sasa tazameni mwisho wa msimu. Soto alivusha mipira 43, akaiba besi 38 (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa), akapewa besi ya bure mara 127, na akaongoza ligi nzima kwa kufika besi. Katika kura za mchezaji bora alikuwa wa tatu, nyuma ya Shohei Ohtani na Kyle Schwarber, ambao wote wawili kazi yao kubwa ni kupiga tu bila kulinda. Kati ya wale walinzi saba wa nje walioitwa Atlanta, hakuna hata mmoja aliyefikisha mipira 40, na hakuna hata mmoja aliyemtangulia katika kura hizo. Anayetetea uteuzi ule ajibu hapa chini kwa takwimu, na amtaje jina mlinzi aliyekuwa bora kuliko Soto.