Manyoya ya mbwa yamejisokota mafundo, niyatoeje bila kumuumiza?

mama_nyakato
Kwema wakuu? Naomba msaada kwa wanaofuga mbwa wa manyoya marefu hapa Mwanza. Kuna familia jirani imehamia Dodoma wakaniachia mbwa wao, jike, Shih Tzu, mpole kweli na watoto wangu wameshamzoea. Shida ni manyoya. Nyuma ya masikio na kwapani yamejisokota mafundo, mengine madogo hata huyaoni mpaka upitishe vidole, lakini chini ya mkanda wa shingo kuna pande moja limekaza mpaka kwenye ngozi, kitana hakiingii hata jino moja, nikigusa hapo analia na kukwepesha kichwa. Jirani mmoja kasema nimwogeshe na shampuu na kondishena za saluni yatalainika yenyewe, kinyozi wa hapa mtaani anasema mkasi tu dakika mbili kazi imeisha. Mimi vyote viwili naviogopa. Nianzie wapi? Na nikishayatoa nifanyeje yasirudi, maana mvua zimeanza na uani kwangu ni matope tupu.

bwiru_juu
Dada usimwogeshe kwanza, nakuomba sana. Fundo likilowa halafu likakauka linakaza kuliko lilivyokuwa, ndiyo maana watu wanaogesha mbwa Jumamosi, Jumatatu wanashangaa limekuwa gumu zaidi. Kinachotokea ni kwamba kwa mbwa wa manyoya marefu yale yanayokufa hayadondoki chini, yananasa kwenye yale mazima, sasa pale panaposuguana, kwapani, nyuma ya sikio, chini ya mkanda, kwenye mapaja, yanazungukana na ukiongeza unyevunyevu na uchafu basi yanajifunga. Kwa hiyo kanuni ni chana kwanza, maji baadaye.

Na mkasi weka mbali kabisa. Ngozi ya mbwa ni nyembamba na imelegea, fundo linaivuta juu inaingia ndani ya manyoya, wewe unaona unakata manyoya kumbe umekata ngozi, unaishia kwa daktari kushonewa.

Yale madogo unayaweza mwenyewe. Mkalishe sehemu yenye mwanga, awe ametoka kutembea ametulia. Paka konflawa kidogo kwenye fundo au mafuta ya nazi tone moja tu, usipake yote mawili. Halafu shika manyoya kwa vidole pale chini karibu na ngozi ubane kabisa, kama unavyoshika nywele za mtoto wa kike kwenye mzizi ukimfumua ili asisikie mvuto, kisha mkono wa pili unaanza kulichambua fundo kwa vidole kuanzia NCHANI, siyo kwenye ngozi. Ukilipasua likawa vipande viwili vitatu, tena upasue kufuata urefu wa manyoya siyo kukatiza, ndipo unaleta kitana cha chuma chenye meno yaliyoachana, nacho kinaanzia nchani kidogo kidogo kinarudi ndani. Akianza kuhema haraka au kulamba lamba midomo acha, mpe kipande cha dagaa, mtaendelea jioni au kesho. Hakuna haraka, mbwa akishaogopa kitana utapata tabu naye miaka yote.

daktari_mifugo_lk
Yaliyosemwa hapo juu ni sahihi kwa mafundo madogo. Hilo la shingoni kwa maelezo yako halichaniki, na kulazimisha ni kumtesa. Linanyolewa. Mashine ya kunyolea mbwa yenye bledi namba 10, inalazwa bapa juu ya ngozi, inapita chini ya fundo, mkono mwingine umeinyoosha ngozi, na fundo lenyewe lisivutwe juu maana ukilivuta unaipandisha ngozi kwenye meno ya bledi. Bledi inapata moto, kila baada ya muda mfupi iguse na mkono wako, ikiwa ya moto zima usubiri. Kama huna mashine hiyo au hujawahi kuishika usijifunzie kwake, mpeleke kwa daktari wa mifugo, akiona ni lazima atampa dawa ya kumtuliza.

Kitu kingine, lazima uangalie chini yake kuna nini. Ngozi iliyofunikwa muda mrefu haipati hewa, mara nyingi unakuta wekundu, kidonda chenye majimaji, kupe na viroboto, na wakati huu wa mvua nzi wakitaga kwenye kidonda cha hivyo unakuta funza. Kama kunanuka au kuna unyevu hata kabla hujanyoa nenda leo, usisubiri wikiendi.

Na masikio: yakiwa na mafundo makubwa yakatolewa kwa mkupuo, mbwa anaanza kutikisa kichwa kwa nguvu na sikio linaweza kuvimba likajaa damu ndani. Mwangalie siku hiyo na inayofuata. Ukiona limevimba laini kama lina maji usilitoboe, mlete.

luchelele_shore
Naongezea kwa sisi tulio karibu na ziwa. Mimi nina German Shepherd wa manyoya marefu, anapenda maji kuliko samaki, akitoka ziwani na mchanga tumboni usipomshughulikia siku ileile basi nyuma ya mapaja kote kunashikana. Mkaushe kwa kumbana na taulo, usimsugue, kusugua ndiko kunafunga manyoya. Na akipita vichakani angalia kishona nguo, zile mbegu nyeusi, kila moja ikibaki inakuwa mwanzo wa fundo, hasa katikati ya vidole vya miguu. Kuosha mbwa muoshee nyumbani kwa ndoo, usiingie naye ziwani kusimama kwenye maji ya ufukweni, kichocho kipo.

Halafu watu wasikudanganye kwamba kila mbwa anyolewe upara kwa ajili ya joto. Huyo wako Shih Tzu manyoya yake yanaendelea kukua kama nywele, kumpunguza yakawa mafupi ni sawa kabisa na kwa matope ya huko Nyakato ningekushauri hivyo. Ila wa kwangu ana manyoya ya tabaka mbili, ukimnyoa yanaweza kurudi vibaya, kwa hiyo kwetu ni brashi tu, fundo moja moja likishindikana ndilo linanyolewa.

mama_nyakato
Asanteni sana, Mungu awabariki. Ya kwapani yametoka kwa konflawa na vidole, hakulia kabisa. La shingoni tumeenda kwa daktari kanyoa, chini ngozi ilikuwa nyekundu ila hakuna kidonda, kanipa dawa ya kupaka. Sasa niambieni kuchana ni mara ngapi, maana juu namwona laini kabisa.

bwiru_juu
Huko juu kulaini ndiko kunakodanganya watu wengi. Brashi inapita juu juu, chini kwenye ngozi manyoya yanafungana. Chana kwa mistari: gawanya manyoya kwa mkono mmoja mpaka uone ngozi, chana mstari huo kuanzia ngozini kutoka nje, teremsha mwingine, hivyo hivyo hadi umalize ubavu. Ukimaliza pitisha kitana cha chuma, kikikwama popote bado. Akiwa na manyoya marefu ni kila siku, ukimpunguza yakawa mafupi hata siku moja moja unaruka, lakini masikio, kwapa na mapaja usiruke. Mkanda mvue usiku akiwa ndani. Kumwogesha ni baada ya kuchana, shampuu ya mbwa siyo yako, suuza mpaka maji yatoke safi, na usimwache alale na unyevu.

mama_nyakato
Mkanda tayari nimevua. Kitana cha chuma kinapatikana wapi huku mjini, maduka ya dawa za mifugo?

luchelele_shore
Anzia huko, wakikosa, chanuo la nywele la chuma la kawaida utaanza nalo, ila angalia meno yawe na ncha za mviringo, yenye ncha kali yanakwaruza ngozi.